Jina Nililomnong'oneza Baba

Viazi vya mbegu vikianza kuchipua gizani vina harufu yake. Si harufu ya kuoza na si ya udongo tu. Ni kitu cha katikati, cha baridi, na kikishaingia puani hakitoki upesi. Mwezi uliopita nilipata chumba hapa Makambako, nyuma ya maduka, chumba kizuri chenye dirisha kubwa, nikahamia na vyombo vyangu vyote. Siku ya pili nikagundua kwamba mwenye nyumba anahifadhi mbegu za viazi chumba cha pili yake. Nikahama. Dalali alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Dada, viazi tu ndivyo vinakukimbiza?" Nikamwambia nina pumu. Ukweli ungetumalizia siku nzima, na yeye alikuwa na wateja wengine.

Ukweli nawaambia ninyi, wenzangu wa rika langu mliokulia kwenye baridi ile, mnaojua stoo za viazi zilivyo: mbao zilizoachana, bati juu, chini udongo mtupu, na mwanga unaingia kwa nyufa. Katika stoo ya namna hiyo baba yangu alilala wiki tatu nzima, na nyumba yake ya matofali iko hatua ishirini kutoka hapo, na mke wake ndani, na mimi ndani. Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani ninajua kwa nini. Mtoto wa miaka tisa hana jambo asilolijua, si ndiyo?

Kwetu ni kijiji cha barabarani kati ya Njombe na Makambako. Nyuma ya nyumba miti ya miwati, mbele shamba la viazi, pembeni kichaka cha mianzi ambacho Babu alikigema mwenyewe kila msimu wa mvua. Tuliishi watu watano: Babu na Bibi waliomzaa Baba, Mama, mimi, na Baba mwenyewe kila jeshi lilipomwachia. Babu alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na pia mtu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Mambo hayo aliyatenganisha kwa siku. Jumapili ilikuwa ya Mungu, siku zilizobaki zilikuwa za mianzi.

Mimi aliniita mke wangu, kama mababu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mke wangu, njoo ukae hapa nikupe vita." Watoto wengine walipewa hadithi za sungura na fisi. Mimi nilipewa vita. Nilikaa kwenye gogo, yeye na mbeta yake, kikombe cha mwanzi, mkononi, ulanzi ukitoa povu, na akaanza, kila siku kwa mpangilio uleule, na ole wake atakayemkatiza.

Alianza na babu yake yeye. Huyo alipigana kwa mkuki. "Zamani hizo mtu alikwenda vitani akijua anafuata nini," alisema. "Ng'ombe. Au wanawake. Au kurudisha ng'ombe na wanawake waliochukuliwa mwaka uliopita. Basi. Hakuna hotuba." Chuma cha mkuki kilitoka upande wa Liganga, kwa wahunzi wa Kipangwa. Hapo Babu hakuacha kumchokoza Mama, kwa kuwa Mama alikuwa Mpangwa wa Mawengi. "Babu zake huyu ndio waliotuuzia mikuki. Kisha wakageuka wakawauzia na adui zetu. Wafanyabiashara hawa!" Mama, mikono kwenye sufuria, alijibu bila kugeuka: "Mlikuja wenyewe kununua, Baba. Hatukuwafuata." Na wote tukacheka.

Huyo babu yake Babu aliua mtu mmoja tu maishani mwake, na alimjua. Walishawahi kubadilishana chumvi. Alimjua mpaka mama yake. Wakakutana kwenye mto, ng'ombe wako nyuma ya mmoja, mkuki uko mkononi mwa mwingine, na kabla ya kumchoma alimwita kwa jina. Babu alilitaja jina hilo kila mara. Mtu aliyekufa zamani hizo, adui yetu, na mimi mtoto nililijua jina lake kama ninavyolijua la shangazi yangu.

Halafu akaja Mjerumani na bunduki inayotapika. Sehemu hiyo Babu aliipitia haraka. Watu walilala chini kama ngano iliyofyekwa, na aliyeshika bunduki hakumjua hata mmoja wao. Baada ya hapo Wazungu wenyewe kwa wenyewe wakagombana huko kwao, wakaja kupigania huku. Kaka wa yule babu alibebeshwa mizigo ya vita hiyo, akatembea nayo mpaka akafia chini ya mzigo, na hakuna anayejua ni njia gani. "Waligombania nini?" niliuliza. "Mpaka leo sijaambiwa," Babu alijibu, akanywa.

Mwisho ikaja ya kwake mwenyewe, vita ya Uganda. Hapo sauti ilimnyooka. "Walichukua kipande cha nchi yetu kule Kagera. Tukaenda kukirudisha. Hata wewe mke wangu ungekwenda." Aliua mtu mmoja aliyemwona vizuri. Kijana mwembamba, sweta la njano, hana viatu. Jina hakulijua. Aliporudi alisimama kwenye mianzi ile ile, na baba yake akatoka na beseni kumwogesha.

Kuogesha huko lazima niwaeleze, kwa sababu mambo yote yako hapo. Katika ukoo wetu mwanamume aliyeua vitani haingii ndani moja kwa moja. Anasimama mpakani mwa uwanja. Baba yake anatoka na maji yaliyopondewa majani machungu ya bondeni (jina lake la Kibena silijui vizuri na sitajifanya ninalijua), anamuuliza mambo mawili: ulimuua nani, na mligombania nini. Anayejibu anazungumza na marehemu mwenyewe, anamwita. Marehemu akisikia ameitwa na ugomvi umesemwa waziwazi, anarudi kwao. Kisha maji yanamwagwa, mtu anatema mate mara moja, anaingia, anakula ugali wa ulezi kwenye chungu kimoja na watu wake. Asipoogeshwa akaingia, anaingia na mgeni wake. Na mgeni huyo hali ugali, wanasema anakula watoto.

Bibi hakuipenda habari hiyo. "Mchungaji akisikia!" Babu alikuwa na jibu moja tu: "Mchungaji hajawahi kuua mtu."

Mimi kwa akili zangu nilishalipanga jambo lote kama hesabu za shuleni. Vita ina jina na ina kitu kilichochukuliwa. Ukijua vyote viwili umepata. Kwa hiyo Baba alipokuja kutuaga, anakwenda ng'ambo ya ziwa kwenye nchi ambayo sitaitaja, ina matatizo yake ya kutosha, nilimuuliza swali la maana: "Wamechukua nini chetu?"

"Hawajachukua kitu chetu, mama," Baba alisema. Aliniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Tunakwenda kulinda amani."

Babu alishusha mbeta yake. "Ya nani?"

"Ya kwao, Baba."

Babu aliangalia mianzi. Mimi nikaelewa kwamba kule kuna kitu cha thamani kimewekwa mahali, na Baba atakuwa mlinzi wake, mwenye koti na tochi, kama yule mlinzi wa ghala la mbao mjini Njombe. Nikalala usingizi mzuri. Mlinzi wa ghala la mbao alikuwa mtu mnene na hakuna siku aliyopigana na yeyote.

Baba alikaa huko zaidi ya mwaka. Alirudi asubuhi moja ya ukungu, alishuka Makambako akachukua bodaboda. Nilisikia pikipiki, nikatupa ufagio, nikakimbia. Nilimwona amesimama kwenye mianzi na begi lake, amekonda, na nikafungua mikono. Akanyoosha kiganja mbele yangu kama askari wa barabarani.

"Simama hapo hapo, mama. Usije."

Jamani! Mnajua mtoto anavyoona haya? Nilisimama na mikono yangu imefunguka, sijui niipeleke wapi. Mama alikuja nyuma yangu, naye akasimama, akaziba mdomo. Na Babu, ambaye hakuambiwa na mtu, alikuwa ameshakwenda bondeni kuchuma majani.

Alirudi na beseni la bati. Bibi aliingia jikoni akaanza kuimba tenzi kwa sauti kubwa ili asisikie. Babu alisimama mbele ya mwanawe, wanaume wawili wa urefu mmoja, na akasema kwa upole, "Kamwene, mwanangu. Umerudi."

"Kamwene, Baba. Nimerudi."

"Ni nani?"

Ukungu ulikuwa unashuka kwenye majani ya mianzi unadondoka. "Sijui, Baba."

"Si lazima jina. Mimi sikulijua. Nilisema sweta la njano wakaniogesha. Sema sura."

"Sikuona sura. Mimi nilikuwa kwenye mzinga. Tunapewa namba kwenye redio. Tunaelekeza, tunatumbukiza bomu, linavuka mlima. Linaangukia nani huko ng'ambo, sijui. Nilitumbukiza mengi."

"Basi labda hukuua," Babu alisema. Niliisikia sauti yake ikiomba.

"Siku ya tatu tuliuvuka ule mlima. Tulikuta makaburi mabichi. Mengine mafupi. Hapakuwa na mtu wa kutuambia ni ya nani."

Jikoni tenzi ziliendelea. Babu alihamisha beseni kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Haya. Mligombania nini?"

"Wengine wanasema mpaka. Wengine wanasema kabila. Wengi wanasema ni mawe, Baba. Kuna mawe kule ya kutengenezea simu. Tulimuuliza mkubwa wetu, akatuambia tusiulize."

"Mawe?" Babu alitoa simu yake ndogo kwenye mfuko wa shati, akaigeuza huku na huku, akairudisha mfukoni. "Hapa Liganga tuna mlima mzima wa mawe," alisema polepole. "Mungu atusaidie."

Kisha akainama akamwaga maji yote chini. Sitasahau sauti ile ya maji yanayomwagika bure. "Siwezi, mwanangu. Nitamwita nani? Nikikumwagia hivi hivi nitakuwa nimekulowesha tu, na wao wako hapo wanangoja."

Mama akalipuka. Mama yangu mpole, mtu wa Mawengi aliyezikuta mila zetu akazivumilia, alipiga mguu chini. "Baba! Huyu ni mume wangu! Mwaka mzima! Huku kwenu mna mambo gani?"

"Usimlaumu," Baba alimwambia. "Hata angeniogesha, nisingeingia. Nitaingia na watu ambao siwajui hata idadi. Na ndani kuna mtoto." Akachukua begi lake, akakata kwa nje ya uwanja, akaenda stoo.

Mimi nilisimama pale nikiwa na hasira na wote. Kwa sababu nilikuwa nimeelewa, au nilidhani. Baba alikuwa amesahau jawabu! Kama mimi darasani, nimeliona jana kwenye daftari, leo mwalimu ananiita mbele limepotea. Na Babu, badala ya kumsaidia, anamrudisha mahali pake kama mwalimu mkali.

Wiki tatu hizo zilikuwa mbaya. Mama alipeleka chakula stoo, akaweka mlangoni, akarudi amejifunika kanga usoni. Bibi alimleta mchungaji, mchungaji akaomba naye muda mrefu kwa upendo, na Baba akasema amina, akamshukuru, akabaki pale pale. Babu aliacha kugema. Vikombe vya mianzi vilijaa, vikamwagika, nyuki wakavamia, naye alikaa kwenye gogo lake mikono mitupu. Siku moja nilimkuta analia. Mzee mzima, kamasi zinamtoka. Nikamwambia, "Babu, nipe vita." Akasema, "Sina tena, mke wangu. Nilizokuwa nazo zimekwisha."

Mchana, wakubwa wakienda shamba, nilikwenda kukaa nje ya stoo, mgongo kwenye mbao. Baba alikaa ndani, mgongo kwenye mbao hizo hizo. Harufu ya viazi vinavyochipua ilitoka kwa nyufa. Tuliongea hivyo, bila kuonana. Alinisimulia habari za huko: ndizi kubwa, mvua za kila saa kumi, mbwa mmoja aliyewafuata kila walikohama. Mzinga hakuutaja. Niliposikia amecheka mara moja juu ya yule mbwa, nikaona sasa ndio wakati.

Shuleni kwetu mwenzako akiitwa mbele hajui, unamnong'oneza. Unaziba mdomo kwa daftari, unasema jibu taratibu, mwalimu akigeuka unaangalia dari. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, niliwaokoa wengi. Nilikuwa nimeshatafuta jibu tangu juzi yake. Nilitaka jina lisilo la kwetu. Kwetu walikuwa akina Yohana na Tumaini na Lutengano, Walutheri watupu. Lakini gulioni nilimsikia mama mmoja wa upande wa misheni ya Wakatoliki akimwita mwanawe Kastori, na mimi, sijui kwa nini, niliona hilo ni jina la mtu wa mbali sana.

Nikaweka mdomo kwenye ufa. "Baba. Anaitwa Kastori."

"Nani?"

"Uliyemuua. Mwambie Babu ni Kastori. Na mligombania ng'ombe. Nimekuambia, usiseme ni mimi."

Nilisikia kiazi kimeanguka mahali ndani. Nikadhani amekasirika kwa sababu nimemnong'oneza jibu, wakubwa hawapendi kuibia. Kisha nikasikia anapumua, pumzi ndefu, imekatika katikati. "Kastori," alisema. Akalirudia taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu. "Unataka Baba aingie ndani, eeh?"

"Ndiyo. Kuna baridi. Na Mama halali."

"Haya, mama. Nimesikia."

Kesho yake asubuhi alisimama kwenye mianzi. Hakumwita mtu, alisimama tu mpaka Babu alipomwona. Babu alikwenda bondeni, safari hii kwa haraka, karibu akimbie na magoti yake mabovu. Mama alisimama mlangoni. Bibi jikoni akaanza tenzi, akaishia ubeti wa kwanza, akanyamaza, akasikiliza.

"Ni nani?" Babu aliuliza.

Baba aliangalia juu ya kichwa cha Babu, kule kwenye miwati. "Kastori," aliita. Aliita kweli, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. "Kastori! Nilikuua mimi. Nilikutupia bomu sikukuona. Tuligombania ng'ombe."

Ng'ombe. Babu yangu si mjinga. Alikuwa ameambiwa habari ya mawe na namba na mlima, ameambiwa na mtu huyu huyu mahali hapa hapa. Aligeuza kichwa, akanitafuta kwa macho, akanikuta. Mimi nikaangalia angani upesi, kama nilivyozoea darasani. Nilijua nimekamatwa. Nilingoja amwage maji chini tena.

Babu alisema, "Kastori, umesikia. Rudi kwenu." Na akamwagia mwanawe maji yale kichwani, yote, mpaka tone la mwisho, na majani yakabaki yamemganda Baba shingoni. Mama alipiga kigelegele kilichoishia kwenye kilio. Baba akatema mate, akavuka uwanja, akaninyanyua nikiwa mkubwa vile, na nguo zake za maji baridi zikanilowesha mpaka tumboni. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Nilikuwa nimemwokoa baba yangu, peke yangu, kwa neno moja, na wakubwa wote walikuwa wameshindwa.

Siku zile chache alizokaa ndani ninazikumbuka moja moja. Alikula na sisi kwenye chungu kimoja. Aliziba tundu la bati. Babu alirudi kwenye mianzi yake, ingawa vita hakunipa tena, na nikimwomba alisema kichwa kinamuuma. Mama aliimba akifua. Kitu kimoja tu kilikuwa si cha kawaida: Baba akipewa chakula alisita, tonge mkononi, akaangalia mlango, kama mtu anayengoja mwenzake anawe mikono. Mama alimwambia, "Kula, baba, kinapoa." Akala.

Siku ya saba au ya nane tulikuwa wawili, mimi na yeye, mlangoni mwa stoo, tunachambua mbegu. Viazi vyenye macho mazuri upande huu, vilivyooza upande ule. Ilikuwa adhuhuri, jua la kwetu lile lisilo na joto. Nilikuwa ninapenda kazi hiyo kwa sababu ya kukaa naye. Akauliza, bila kuinua macho:

"Huyo Kastori. Alikuwa na umri gani?"

Nilifurahi. Nilidhani ameupenda mchezo wetu, na mimi ndiye mwenye mchezo, hakuna mwingine anayeujua. Nikafikiri kidogo. "Kama wewe."

"Mrefu?"

"Mfupi kidogo. Ana mwanya."

"Ana mwanya," Baba alisema. Aliweka kiazi kizuri upande wa vilivyooza. Mimi nikakitoa nikakirudisha. "Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Analima. Halafu ana mbwa."

"Ana watoto?"

Ni hapa, wenzangu. Nimekwisha kuwa mtu mzima, Babu ametutoka, Baba mwenyewe tumemzika, na bado ninarudi kwenye ule mlango wa stoo kumziba yule mtoto mdomo. Sema hana. Neno dogo tu, hana, lingekugharimu nini? Lakini nilikuwa mtoto mwenye majibu, na mtu asiye na watoto kwetu anahurumiwa, na mimi nilikuwa nimeanza kumpenda Kastori wangu. Nilitaka awe na vitu vizuri.

"Anao wawili," nilisema. "Wa kike ni mkubwa, yuko darasa moja na mimi. Mdogo bado anabebwa."

Baba aliacha kuchambua. Aliniangalia, na hakuniangalia kama mzazi anavyomwangalia mtoto. Aliniangalia kama mtu aliyesafiri mbali kufuata habari, sasa amemfikia anayezijua.

"Na sasa hivi," aliniuliza, "wanalishwa na nani?"

Nilifungua mdomo. Nilitafuta, kweli nilitafuta, kila mahali kichwani mwangu. Alinisubiri. Alisubiri muda mrefu, kiazi mkononi, akiniangalia mdomo. Kisha akanyanyuka, akafuta mikono kwenye suruali, akavuka uwanja mpaka kwenye gogo alipokuwa Babu, akachuchumaa mbele yake.

"Baba," nilimsikia akisema, "yule mtu hajarudi kwao. Ana watoto. Naomba unitoe nje."

Babu hakumbishia. Aliinuka akaenda ndani kumchukulia blanketi.